Mkutano wa Bombani

Wifi alikuwa amevaa viatu. Si ndala zake za kuoshea vyombo, la. Viatu vyenyewe, vyeusi, vya kufunga kamba, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, naye kakaa kwenye kiti cha sebuleni mguu juu ya mguu, pochi mapajani, asubuhi yote hiyo. Jikoni hakuna moto. Birika limelala kifudifudi vilevile lilivyoachwa jana.

"Wifi, una safari?" akauliza Mwanafunzi, ambaye ndiyo kwanza anatoka chumbani na mswaki mdomoni.

"Sina safari, najizoeza kukaa. Keshokutwa naanza chuo, nisije nikafika pale nikachuchumaa kwa mazoea."

Mwanafunzi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mama mkwe, siku ile alipotangaza kwamba, pamoja na watoto wake wawili na kazi yake ya ofisi ya ustawi wa jamii, anarudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya maendeleo ya jamii na haki za wanyonge. Mama mkwe akasema, "Haya, tumepata mwanafunzi," na jina likaganda. Mumewe, Fundi, mchomelea mageti mwenye karakana yake hapohapo uani, naye akalidaka. Wifi, mdogo wake Fundi, ndiye pekee katika nyumba ile aliyeendelea kumwita wifi.

"Keshokutwa?" Mswaki ulitaka kumponyoka. "Keshokutwa hii hii?"

"Kwani ziko ngapi?"

Keshokutwa ndiyo siku ambayo msimamizi wake kutoka chuo kikuu alikuwa anakuja kumtazama akiendesha mkutano wa wanawake wa mtaa. Lilikuwa zoezi la mwisho. Akifaulu, anavaa joho na wenzake. Akianguka, anasubiri mwaka mwingine mzima, na mwaka mwingine nyumba ile isingeuvumilia, hilo alilijua bila kuambiwa. Siku hiyo kulitakiwa chai ya wageni, mabenchi ya kuazima, watoto wa kupelekwa na kurudishwa shule, na mtu wa kuhakikisha nyumba haitoi aibu mbele ya msomi. Mtu huyo, bila kuulizwa wala kuambiwa, alikuwa Wifi.

"Chuo gani hicho?"

"Cha ufundi simu. Nimepata nafasi ya bure, wifi yangu, hebu fikiria! Wanaanza saa nne kamili. Asiyeonekana siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine."

"Lakini si tulikubaliana utasubiri nimalize?"

"Mlikubaliana wewe na Mama," akasema Wifi bila hasira. "Mimi nilikuwa naosha vyombo."

Na kweli alikuwa anaosha vyombo. Tangu masomo yale yaanze, Mwanafunzi alikuwa na mtindo mmoja: kila somo alilotoka nalo chuoni, jioni alilifundisha upya nyumbani ili limkae kichwani, na wa kufundishwa alikuwa Wifi, kwa sababu Wifi wakati huo hana pa kukimbilia, mikono yake imo kwenye povu. Alimwaga huko mambo ya ushirikishwaji, mambo ya mgawanyo wa majukumu, mambo ya sauti ya asiyesikika. Akimaliza anauliza, "Umenielewa?" Naye Wifi anajibu, "Nimekuelewa. Nisogezee lile sufuria."

Mama mkwe akatokea akijifunga kitambaa kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kauli ya mwisho. Alisimuliwa yote, huyu akisema hivi na yule vile, akasikiliza mpaka mwisho kama hakimu, kisha akatoa hukumu.

"Huyu kabakiza hatua moja. Wewe hujaanza hata moja. Anayemaliza amalize kwanza. Si haki hiyo?"

Wifi hakubisha. Aligeuka tu akamtazama Mwanafunzi, akangoja. Neno moja lingetosha, wote watatu walilijua hilo. Na Mwanafunzi maneno hakukosa, jamani. Mwanamke yule angeweza kuwatetea wanyonge wa dunia nzima kuanzia asubuhi mpaka watu walale. Lakini asubuhi ile akakumbuka ghafla kwamba hajasukutua, akaenda zake uani.

Aliporudi, viatu vyeusi vilikuwa vimepangwa vizuri chini ya kiti, na moto unafuka jikoni.

*

Siku yenyewe ikafika, jua safi, mambo yote shwari. Mabenchi yalipangwa uwanjani kwa nusu duara, maana kitabu kinasema wananchi wasipangwe kwa mistari kama askari. Fundi alikuwa ameyabeba mwenyewe, akaacha geti la mteja limelala uani, akampa mkewe na chaki yake kubwa ya kuwekea alama kwenye vyuma. Mwanafunzi alikuwa na kopo la maharage. Hayo yalikuwa ya zoezi linaloitwa saa ya kutwa: unachora duara kubwa chini, unaligawa vipande tangu alfajiri mpaka kulala, halafu kila kipande watu wanaweka maharage kuonyesha kazi ipi inafanywa na nani. Ni zoezi zuri. Asiyejua kusoma analielewa, na anayejua kusoma hana pa kujificha.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mstaafu anayeitwa Spika, kwa sababu hakuna mkutano uliowahi kufanyika mtaani akakosa kuuhutubia. Nyuma yake wakaja wacheza bao watatu, kinyozi aliyekuwa hana mteja, na vijana wawili waliosikia kuna chai. Wakajaza mabenchi ya mbele. Mwanafunzi akatazama huku na huku. Hakuna mwanamke hata wa dawa.

Msimamizi akashuka kwenye gari. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, uso ambao huwezi kujua umefurahi au umeshiba tu. Akawatazama wacheza bao. Akamtazama mwanafunzi wake.

"Mada ya leo ilikuwa nini vile?"

"Sauti ya mwanamke katika maamuzi ya mtaa," akajibu Mwanafunzi.

"Ahaa."

"Mheshimiwa mgeni, usiwe na shaka!" Spika alikuwa ameshasimama, kakohoa, kaweka koti sawa. "Kwa niaba ya wanawake wa mtaa huu, mimi binafsi nipo tayari kuzungumza. Nina mke, nina mabinti wanne, na mama yangu pia alikuwa mwanamke."

Wacheza bao wakapiga makofi. Mwanafunzi alitamani ardhi ipasuke immeze na kopo lake la maharage.

"Lakini wako wapi wenyewe?" akauliza Msimamizi.

"Wanawake?" Kinyozi akashangaa swali. "Si wako bombani. Maji hutoka saa hizi. Yakikatika, ndiyo basi mpaka kesho."

Mwanafunzi akafa ganzi. Mtaa ni wake, bomba ni lile lile, miaka yote maji hutoka saa hizo, na mkutano wa wanawake kaupanga yeye mwenyewe saa ambayo hakuna mwanamke anayeweza kuja. Alikuwa ametazama ratiba ya Msimamizi, akatazama ratiba ya ofisi yake, akaona saa nne imekaa vizuri. Maji hayakumjia kichwani kabisa. Kwake yeye maji yalikuwa kitu kinachokutwa kwenye pipa.

Angeweza kuomba siku nyingine. Angeweza kumwacha Spika aendelee, watu wakanywa chai, akaandika taarifa yenye maneno mazuri. Alivifikiria vyote viwili, kwa haraka, na akavionea haya vyote viwili. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu, mkutano haupo hapa," akasema. "Uko bombani. Twende."

"Na mabenchi?" Fundi akauliza.

"Yaache, njoo. Chaki ninayo."

*

Foleni ya bomba ilianzia kwenye ukuta wa duka la rangi ikapinda mpaka barabarani, ndoo kwa madumu, bluu kwa njano, kila ndoo na mwenyewe pembeni. Katikati ya foleni alikuwemo Wifi, kanga ya kazi kiunoni, ndoo mbili miguuni. Alipowaona akatabasamu kidogo, kisha akatazama pengine. Na Mama mkwe naye alikuwepo. Yeye hakufuata maji. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, amekuja kushuhudia mkamwana wake aking'ara mbele ya msomi, hakufika tu uwanjani kwa kusimama kuongea.

Mwanafunzi akachora duara lake kwenye saruji kando ya foleni. Akaeleza zoezi. Wanawake wakamsikiliza kwa heshima, wakamtazama yule mgeni mwenye miwani, wakanyamaza jii.

"Nani atatupa mfano wa siku yake?"

Ndoo ikasukumwa mbele kwa mguu.

"Anza na yetu!" Sauti ilikuwa ya Mama mkwe, imejaa fahari. "Nyumba yetu ina nini cha kuficha? Weka ya kwetu waone watu wanavyojipanga!"

Basi Mwanafunzi akachuchumaa, kopo mkononi. "Alfajiri. Kuwasha moto, kuandaa watoto. Nani?"

Hata hakuwahi kujibu mwenyewe. "Wifi!" foleni ikajibu kwa pamoja, kama darasa la chekechea.

Akaweka maharage upande wa Wifi. "Kupeleka watoto shule?"

"Wifi!"

"Maji?"

"Kwani huyu hapa nani?" akadakia muuza nyanya aliyekuwa mbele ya Wifi, na watu wakaangua kicheko.

Alijiwekea na yeye, haki yake, maharage ya ofisini na ya masomo. Akamwekea Fundi ya karakana. Hayo hayakuwa machache, wala hakuna aliyesema ni wavivu. Lakini upande wa Wifi kilikuwa kimeota kichuguu. Sokoni, jikoni, kufua, kufagia, kurudisha watoto. Kila alipouliza, foleni ilijibu kabla yake, mpaka akaanza kuona aibu ya kuuliza.

"Hapa jioni, baada ya chakula," akasema, akitafuta pa kupumulia. "Hapa angalau Wifi unakaa?"

"Hapo ndipo ninapokusikiliza wewe masomo yako," akasema Wifi taratibu. "Huku naosha vyombo."

Foleni ilivunjika mbavu. Kuna dada mmoja aliyeketi juu ya dumu lake kwa kucheka. Hata Msimamizi alivua miwani akaifuta. Mwanafunzi naye akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamlenga, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Weka na ya kunisugua miguu," akasema Mama mkwe. Fahari ilikuwa imemwisha. Alikuwa anakitazama kile kichuguu cha maharage na mkono umeshika shavu. "Kila usiku ananisugua. Weka tu, usinifichie."

Mwanafunzi akaweka. Kisha akainuka, magoti yakimlalamikia.

"Wifi, sasa hivi ulitakiwa uwe wapi?"

Wifi akasogeza ndoo.

"Mwambie mwalimu wangu."

"Chuoni," akasema Wifi. "Ufundi simu. Wameshaanza."

"Juzi uliniangalia nikuombee kwa Mama," akasema Mwanafunzi, mbele ya mtaa mzima na mbele ya yule aliyekuja kumpa alama. "Nikasingizia mswaki. Nisamehe, wifi yangu. Nenda. Hebu kimbia!"

"Na ndoo?"

"Niachie mimi."

"Na mkutano wako?"

"Nitauendesha na ndoo zangu. Nenda!"

Wifi hakutikisika. Macho yake yalikwenda kwa Mama, na macho ya foleni nzima yakafuata huko huko. Mama mkwe akajiona amezungukwa.

"Mnanitolea macho ya nini?" akafoka. "Ataendaje na ndala? Fundi! Unasimama hapo kama nguzo, mdogo wako ataendaje chuo na ndala? Viatu viko chini ya kiti!"

Fundi alitimka mbio, tumbo linamtangulia, na aliporudi alikuwa juu ya baiskeli, viatu vyeusi vinaning'inia kwenye usukani kwa kamba zake. Wifi akavivaa pale pale, ameshika bega la muuza nyanya asianguke. Akafungua kanga ya kazi akamtupia Mwanafunzi. Akapanda nyuma ya baiskeli, nayo ikaondoka ikiyumba, huku foleni inapiga vigelegele kama inamsindikiza bibi harusi.

Baada ya hapo, nani tena wa kunyamaza? Kila mtu alitaka saa yake ichorwe. Maharage yakaisha wakaokota kokoto. Mmoja akasema kisima cha shule kina bomba lingine linalofungwa bila sababu. Mwingine akasema anajua anayeshika ufunguo, na wa tatu akasema huyo mshika ufunguo anamwogopa mkewe, na mkewe huyu hapa, nyuma ya dumu la njano. Mwanafunzi aliuliza, akaandika, akasukuma ndoo mbili kwa miguu kila foleni ilipojongea. Spika alikuja akaomba kuchangia mada. Akapewa dumu la mjane wa jirani alisogeze, akalisogeza.

Zamu ilipofika Mwanafunzi akajaza ndoo zake. Akainua moja tu kwanza, hatua chache, maji yakamrukia mpaka kwenye blauzi ya mkutano.

"Polepole, msomi!" wakamcheka. "Ndoo haina ratiba!"

*

Msimamizi alimfuata nyuma mpaka nyumbani, akaingia uani, akangoja ndoo itue chini.

"Hukufuata mpango wako hata mstari mmoja," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Saa ya mkutano aliichagua nani?"

"Mimi."

"Ulimuuliza nani?"

Mwanafunzi akajikuna kichwa. "Nilikuuliza wewe."

Kwa mara ya kwanza uso wa Msimamizi ukaonyesha upande ulioegemea, na ulikuwa upande wa kicheko. "Basi hapo tumechemka wawili. Zoezi umefaulu. Lakini uwarudie wale kina mama mmalize lile la ufunguo, na safari hii saa wachague wao."

"Wameshachagua. Jumapili, jua likianza kupoa. Wamesema na wewe uje."

"Jumapili?" Msimamizi akashika kiuno. "Jumapili mimi ndiyo nafua."

"Ndivyo wangesema watu wa bomba kuhusu saa nne," akasema Mama mkwe kutoka mlangoni.

Jioni ile Fundi ndiye aliyepika. Maharage ya mkutano yaliokotwa kwenye saruji, yakaoshwa na kuoshwa tena, na bado Mama mkwe alikutana na kokoto moja akaitema bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Walikuwa katikati ya kula Wifi alipoingia. Wote wakaacha vijiko.

"Nafasi?" akauliza Mwanafunzi.

"Nimewakuta wameshakaa. Kiti changu kakalia mwingine." Wifi akavuta pumzi. "Mwalimu kaniambia hakuna pa kukaa. Nikamwambia sawa, nitasimama, mimi kusimama ndiyo kazi yangu. Akacheka, akaniandika. Nimesimama mpaka mwisho."

"Kakuandika!" Mama mkwe akapiga kofi paja lake. "Kamwandika!"

"Na kesho?"

"Kesho nasimama tena."

Fundi aliweka sahani chini. Akatoka kwenda uani, na mara wakasikia chuma kinakatwa, kisha cheche zikaanza kuruka nyuma ya dirisha. Geti la mteja likapungukiwa vipande, lakini hilo lilikuwa jambo la Fundi na mteja wake. Aliporudi alikuwa ameshika kigoda cha chuma, miguu mifupi, kimekunjika vizuri kiasi cha kubebwa kwapani.

Mwanafunzi alikuwa ameshakusanya vyombo. Amejifunga ile kanga ya kazi, mikono yote miwili imo kwenye povu mpaka viwiko. Wifi akakiweka kigoda chake kipya pembeni ya beseni, akakijaribu, akakaa, mguu juu ya mguu, viatu bado miguuni.

"Sasa sikiliza," akasema. "Simu isiyowaka, usikimbilie kuifungua. Kwanza unachungulia tundu la chaji. Mara nyingi ni vumbi tu. Ukitoka hapo unapima betri, na kuna kidude cha kupimia, nitakuchorea. Umenielewa, wifi?"

"Nimekuelewa," akasema Mwanafunzi. "Nisogezee lile sufuria."

Wifi akalisogeza kwa ncha ya kiatu, akaendelea na somo.